Tamthilia zilizopigwa chini mapema: ipi ina mwisho, ipi inakuacha hewani, na uangalie kwa mpangilio gani

#1 MzeeWaRimoti (Sinza)

Wakuu, habari za jioni. Haipiti wiki humu bila mtu kulalamika: tamthilia imenoga, kafika episodi ya mwisho, kumbe mwisho wenyewe haupo. Uzi huu ni wa hizo tu, zilizokatwa zikiwa bado za moto. Masharti mawili. Ukitaja tamthilia, sema ina episodi ngapi, nani aliikata na lini, na mtu akiimaliza anabaki na nini. La pili, usimwage mtama zaidi ya kinachomsaidia mtu kuamua. "Ni kali sana mkuu" si mchango.

Naanza na Firefly kwa sababu ndiyo inayoangaliwa vibaya kuliko zote. Kituo cha TV cha Fox waliianza tarehe 20 Septemba 2002, tena Ijumaa usiku, siku ambayo vijana wa Marekani hawako mbele ya TV. Zilitengenezwa episodi 14, zikaonyeshwa 11, mwezi Desemba ikazimwa. Ubaya wenyewe ni huu: episodi ya ufunguzi ya saa mbili pamoja na matangazo, "Serenity", waliiruka wakaanza na "The Train Job". Ile ya ufunguzi wakaja kuirusha ya mwisho kabisa, tarehe 20 Desemba. Mtazamaji akakutana na watu tisa ndani ya chombo cha anga bila kujua nani kapandia wapi na nani anamkimbia nani.

Nakala nyingi za zamani zinazozunguka mtaani bado zimefuata mpangilio wa Fox. Mpangilio sahihi ni: Serenity, The Train Job, Bushwhacked, Shindig, Safe, Our Mrs. Reynolds, Jaynestown, Out of Gas, Ariel, War Stories, Trash, The Message, Heart of Gold, Objects in Space. Kama kwako hakuna Trash, The Message na Heart of Gold, basi umeuziwa pungufu. Hizo tatu ndizo ambazo Fox hawakuzirusha.

Mtego mwingine: filamu iliyokuja kufunga hadithi mwaka 2005 nayo inaitwa Serenity. Ukiona faili la jina hilo linalokaribia saa mbili kamili, hiyo ni filamu, iache mwisho. Episodi ya ufunguzi bila matangazo ina karibu saa moja na nusu. Wapo wanaoanza na filamu kwa bahati mbaya na kukuta vifo vya watu ambao hawajawajua.

Karibuni.

#2 Tandika_Boy

Natega sikio. Ila mkuu, tukishaiweka ya ufunguzi mwanzo, hizo za katikati zikipishana kidogo kuna hasara gani? Kila episodi si inajitegemea?

#3 MzeeWaRimoti

Nyingi zinajitegemea, ndiyo. Tatizo ni "Out of Gas". Inarudi nyuma kuonyesha kila mmoja alivyoingia kwenye chombo, na inakugusa tu kama umeshawazoea. Fox waliirusha kabla ya "Shindig" na "Safe", ambazo ndizo zinazokuzoesha baadhi yao.

#4 BintiKigamboni

Nachukua Sense8, maana ile ina kwetu ndani yake. Mmoja wa wahusika nane, Capheus, ni dereva wa matatu Nairobi, gari lake limechorwa Van Damme ubavuni na limeandikwa "Van Damn". Nairobi yenyewe walikwenda kupiga, hawakuigiza Nairobi kwenye mji mwingine kama ilivyo desturi.

Takwimu: jumla ni episodi 24. Msimu wa kwanza 12, ulitoka Juni 2015. Halafu kuna episodi ya Krismasi, Desemba 2016, ndefu ya karibu saa mbili. Msimu wa pili ukaendelea Mei 2017. Tarehe 1 Juni 2017 Netflix wakaipiga chini, mashabiki wakachachamaa dunia nzima, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa itapewa episodi moja ya kufungia. Ikatoka tarehe 8 Juni 2018: saa mbili na nusu.

Wanapokosea watu:

Wanaruka ile ya Krismasi wakidhani ni nyongeza tu ya sikukuu. Siyo. Ndiyo mwanzo wa msimu wa pili, na bila hiyo hutaelewa hali ya Will, mmoja wa wale nane.

Wanadhani faili limechanganywa kwa sababu Capheus kabadilika sura. Halijachanganywa. Msimu wa kwanza ni Aml Ameen, kuanzia Krismasi ni Toby Onwumere.

Wanamaliza ile ya Mei 2017 na kuamini imeishia hapo. Ya kufungia ipo, iko mwishoni mwa orodha. Kwa maoni yangu imebanwa mno, mambo ya msimu mzima yamepakiwa kwenye mkao mmoja na wahusika wabaya wanaondoka kirahisi. Lakini inafunga, kila swali kubwa linajibiwa. Kwa hiyo Sense8 iwekeni upande wa zenye mwisho.

#5 FundiKebo_Kariakoo

Dada kamaliza kazi kwenye Sense8, mimi niongeze ya ufundi, maana nusu ya malalamiko ya "imekatwa" ni kifaa kukataa.

Faili kubwa kwenye flashi. Episodi ya saa mbili na nusu ikiwa ya ubora wa juu inavuka GB 4 bila shida. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, hata iwe ya GB 64. Fomati iwe exFAT au NTFS, ila angalia kwanza kitabu cha TV. TV nyingi za zamani hazisomi exFAT. Na kufomati kunafuta vyote, hamisha vilivyomo kwanza.

Sauti ipo, picha hakuna. Mara nyingi video imebanwa kwa H.265 na TV yako inajua H.264 tu. Dawa ni kisanduku cha Android au kompyuta yenye waya wa HDMI. Kubadilisha jina la faili kutoka mkv kuwa mp4 hakusaidii chochote, ingawa kuna watu wanalipisha kwa kazi hiyo.

Diski halali toka nje. Mnaoagiza makasha ya DVD kwa ndugu walioko Marekani: diski za kule ni za kanda ya 1, sisi tuko kanda ya 5. Deki isiyofungwa kanda itacheza, iliyofungwa itakataa. Kompyuta inakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, ya tano inaganda hapo hapo milele. Kwa Blu-ray sisi ni B pamoja na Ulaya, Marekani ni A.

Maandishi ya chini kukimbia mbele. Hapa ndipo wengi wanapochoka. Diski nyingi za Ulaya huenda kwa picha 25 kwa sekunde, faili la Marekani 23.976. Ukiweka maandishi ya diski hiyo kwenye faili hilo, mwanzoni yanakubali, kisha yanaanza kutangulia polepole. Kwenye episodi ya dakika 42 mwishoni yanakuwa mbele kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Kusogeza kwa sekunde kwenye VLC hakutibu, kwa sababu kosa linakua kadiri episodi inavyokwenda. Fungua kwa Subtitle Edit, chagua kubadili kasi ya picha, toka 25 kwenda 23.976, hifadhi. Jina la faili la maandishi lifanane na la video herufi kwa herufi, vinginevyo TV haiyaoni.

#6 Mhasibu_Ubungo

Kabla hatujaendelea kutaja majina, tuelewe kwa nini zinakatwa. Watu wanasema "hawakujali mashabiki". Hesabu ndiyo inayokata.

Mfumo wa zamani wa Marekani: studio inatengeneza, kituo kinalipa ada ya kurusha. Ile ada kwa kawaida haifiki gharama, studio inakula hasara ikisubiri tamthilia ifikishe episodi za kutosha, karibu 88 mpaka 100, ndipo iuzwe kwa vituo vya marudio vinavyorusha kila siku. Star Trek ya mwanzo ilikatwa na NBC mwaka 1969 ikiwa na 79 na bado ikatajirisha watu kwenye marudio, lakini hiyo ni bahati. Kituo chenyewe kinauza matangazo, na watangazaji wanalipia zaidi watu wa miaka 18 mpaka 49. Unaweza kuwa na mamilioni ya wazee wanaokupenda na ukakatwa.

Ndiyo maana swali la kwanza tamthilia ikiyumba ni: nani mmiliki? Brooklyn Nine-Nine ilikatwa na Fox tarehe 10 Mei 2018, kesho yake ikachukuliwa na NBC. Haikuwa muujiza. Ilikuwa inatengenezwa na Universal, ndugu wa NBC. Waliirudisha mali yao nyumbani, na ikafika episodi 153.

The Expanse ni kesi nyingine. Syfy waliikata Mei 2018 baada ya misimu mitatu. Wao walikuwa na haki ya kurusha kwenye TV ya Marekani tu, kwa hiyo faida yao ilitegemea watu wanaoangalia muda ule ule inaporushwa. Wanaoangalia baadaye mtandaoni walikuwa faida ya wengine. Amazon wakaichukua mwezi huo huo, ikaenda mpaka misimu 6, episodi 62. Vitabu ilikotolewa ni 9, tamthilia imeishia cha 6, lakini kituo ilichosimama kinaeleweka.

Netflix mambo yamegeuka. Hakuna marudio ya kuuza, na mikataba yao imepangwa hivi kwamba kila msimu unaofuata unakuwa ghali zaidi: mishahara inapanda, bonasi za watengenezaji zinapanda. Kwa hiyo tamthilia ya msimu wa tatu lazima ivute watu zaidi ya ilivyovuta ya kwanza, na kwa kawaida inavuta wachache. Mwaka 2019 walieleza bunge la Uingereza kwamba wanaangalia wangapi wameanza na wangapi wamemaliza, na aliyemaliza ni yule aliyefika asilimia 90 ya msimu, ndani ya siku 7 na siku 28. Ukiianza leo ukaimalizia sikukuu ijayo, kwenye hesabu hiyo wewe huhesabiwi.

Tena kuna saa inayogonga. Waigizaji wamefungwa kwa mkataba mpaka tarehe fulani. Ikipita, kila mtu anakwenda kazi nyingine na seti zinavunjwa kwa sababu ghala linalipiwa. Ndiyo maana kelele za mashabiki zinafaa wiki za mwanzo, baada ya hapo ni kumbukumbu tu.

#7 Tandika_Boy

Mkuu Mhasibu, hapo kwenye kelele. Kuna ushahidi kelele pekee zimewahi kuirudisha?

#8 Mhasibu_Ubungo

Jericho. CBS waliikata Mei 2007 baada ya episodi 22. Kwenye ile ya mwisho mhusika mkuu anajibu takwa la kujisalimisha kwa neno moja, "Nuts" (yaani karanga), jibu la jenerali wa Kimarekani kule Bastogne, Ubelgiji, mwaka 1944. Mashabiki wakawatumia CBS karanga, zaidi ya tani 18. Kwa vipimo vya Kariakoo hayo ni magunia 180 ya kilo mia mia, mlangoni kwa watu. Juni CBS wakakubali episodi 7 zaidi. Zikarushwa mwanzoni mwa 2008, watazamaji hawakuongezeka, wakaikata tena Machi. Safari hii watengenezaji walikuwa wamejiandaa, walipiga miisho miwili, mmoja wa kufunga na mmoja wa kuendelea, wakarusha wa kufunga.

Timeless ni ya haraka zaidi: NBC waliikata Mei 2017, siku tatu baadaye wakaghairi. Mwaka uliofuata wakaikata moja kwa moja, ikapewa sehemu mbili za kuaga Desemba 2018. Hiyo nayo ina mwisho.

#9 Mama_Wawili_Mbezi

Jamani na za Afrika? Queen Sono mmeisahau. Pearl Thusi anaigiza jasusi wa Afrika Kusini, tamthilia ya kwanza ya Netflix iliyotengenezwa Afrika. Ilitoka tarehe 28 Februari 2020, episodi 6 tu, na humo ndani mpaka Zanzibar ipo. Aprili wakatangaza msimu wa pili, Novemba mwaka huo huo wakafuta. Hadithi ilikuwa ya kuzunguka nchi nyingi, na korona ilikuwa imefunga mipaka. Kila mpaka una karantini yake, vipimo vyake, bima yake. Mwaka ule ule GLOW ilifutwa ikiwa imeshaanza kupiga msimu wake wa nne na wa mwisho. Ni tamthilia ya wanawake wanaopigana mieleka, watu wanashikana na kutokwa jasho mwanzo mpaka mwisho. Hakuna namna ya kuipiga kwa umbali wa mita moja.

Queen Sono haina mwisho. Episodi ya 6 inafungua jambo jipya kabisa halafu kimya. Mwenye roho nyepesi asianze.

Kwa hapa nyumbani, Siri ya Mtungi. Shirika la MFDI waliipiga Bagamoyo kwa fedha za msaada wa Marekani, na picha yake mpaka leo tamthilia zetu nyingi hazijaifikia. Ile haikukatwa kwa kukosa watazamaji. Tamthilia ya mradi inaishi kwa umri wa mradi. Bajeti ina tarehe ya mwisho, ripoti inaandikwa, vifaa vinarudi stoo, hata kama mtaa mzima unaulizia Cheche, mhusika mkuu, kaishia wapi. Wanaolilia iendelee wangemtafuta mtangazaji wa kulipia gharama za kiwango kile, na hapo ndipo pagumu.

#10 MzeeWaRimoti

Dada umenena. Wacha nitoe kundi ambalo watu hawalifikirii: zilizokatwa lakini historia yenyewe imezimalizia.

Mindhunter, ya wapelelezi wa FBI wanaohoji wauaji, Netflix, episodi 10 mwaka 2017 na 9 mwaka 2019. Januari 2020 waigizaji waliachiwa kwenye mikataba, na mwongozaji wake David Fincher hakuficha kwamba ilikuwa ghali kwa idadi ya watu waliokuwa wakiiangalia. Malalamiko makubwa ni yule fundi wa kampuni ya ulinzi, Kansas, anayeonekana dakika chache mwanzoni mwa episodi nyingi bila kuelezwa. Yule ni Dennis Rader, muuaji wa watu 10 kati ya 1974 na 1991. Alikamatwa Februari 2005 baada ya yeye mwenyewe kuanza tena kutuma barua. Alituma diski ya flopi, polisi wakakuta ndani yake jina la kanisa na jina "Dennis". Ukijua hilo kabla, vile vipande vya mwanzo vinakuwa na uzito mwingine kabisa, na Mindhunter hainiudhi tena kwa kukosa msimu wa tatu.

Deadwood ya HBO, 2004 mpaka 2006, misimu mitatu ya episodi 12. Waliahidiwa filamu mbili za kufungia, ikaja moja, tena tarehe 31 Mei 2019, baada ya miaka 13. Usiirukie, kati ya msimu wa tatu na filamu hadithi yenyewe imeruka miaka zaidi ya 10, imefika 1889. Iangalie ukiwa bado unakumbuka majina.

Rome, HBO na BBC, episodi 12 na 10. Walipoambiwa msimu wa pili ndio wa mwisho, wakasukuma kila kitu humo. Ukifika episodi ya 6 ya msimu wa pili, vita vya Philippi, shika kiti. Hapo ni mwaka 42 kabla ya Kristo, na episodi nne zilizobaki zinakupeleka mpaka kifo cha Cleopatra, mwaka 30. Watoto wanakua ghafla, mtu hajui miaka imepita mingapi.

#11 Kijana_wa_Kimara

1899 jamani. Episodi 8, Novemba 2022, toka kwa watengenezaji walewale wa tamthilia ya Dark. Ilipangwa misimu mitatu, ikakatwa Januari 2023. Ushauri wangu mmoja kwa atakayeianza: nenda kwenye mpangilio wa sauti uchague ya asili. Netflix inaweza kukuwekea Kiingereza cha kubandika. Ile meli ina Wajerumani, Wadenishi, Wapolandi, Wahispania, Wareno, Wafaransa, na kisa kizima ni watu wasioelewana lugha. Ukiweka wote waongee Kiingereza, unakuta mtu anauliza "anasemaje?" wakati mwenzake kaongea lugha ile ile.

Kwa bando: Netflix wenyewe wanasema ubora wa kawaida ni mpaka GB 1 kwa saa, HD mpaka GB 3. Kwa hiyo 1899 nzima ni karibu GB 8 au karibu 24. Kwenye simu, chagua kubana data, episodi zote zinaingia kwenye GB mbili bila wasiwasi, ila ile tamthilia ni ya giza tupu na kwa ubora huo nusu ya meli huioni.

Na haina mwisho. Dakika za mwisho za episodi ya 8 zinageuza kila kitu.

#12 BintiKigamboni

Kaka hapo kwenye kutokuwa na mwisho tusiwatishe watu. Chukua The OA, Netflix, episodi 16, ilipangwa sehemu tano ikakatwa Agosti 2019 baada ya mbili. Sehemu ya pili inaishia pabaya kweli, inaruka mpaka nje ya tamthilia yenyewe. Lakini sehemu ya kwanza peke yake, zile episodi 8, inasimama. Tukio la kwenye ukumbi wa chakula shuleni linakuachia uamue mwenyewe kama yule dada, mhusika mkuu, alisema kweli. Simama hapo, umeangalia tamthilia iliyokamilika.

#13 Mama_Wawili_Mbezi

Siafiki. Sehemu ya pili ndiyo bora. Bora niachwe hewani.

#14 Tandika_Boy

Twin Peaks je? Kuna aliyeniambia nianze na filamu kwa sababu hadithi yake inatangulia.

#15 MzeeWaRimoti

Usithubutu. Fire Walk with Me ya 1992 inasimulia siku za mwisho za Laura Palmer, binti anayeuawa, inakutajia muuaji waziwazi, na tamthilia nzima imejengwa juu ya swali hilo. Anza na episodi 30 za ABC, 1990 mpaka 1991, ukihakikisha ya ufunguzi ya saa moja na nusu imo; kwenye baadhi ya makasha ya zamani ya DVD haikuwekwa. Muuaji anajulikana katikati ya msimu wa pili, na baada ya hapo kuna episodi kama nane zilizolegea. Vumilia, ya mwisho aliirudia kuiongoza David Lynch mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wake. Kisha filamu, kisha zile 18 za Showtime za 2017. Ukiruka filamu, hizo 18 zitakupita. Kuna pete na jina la Phillip Jeffries ambavyo havielezwi tena.